Mtoto Akileta Ripoti Mbaya, Muulize Kabla ya Kumchapa

Muhula unapokwisha, mtoto wa shule ya msingi hurudi nyumbani na karatasi ambayo hakuiandika yeye, lakini ndiye atakayehukumiwa kwayo. Karatasi hiyo ni ripoti ya shule. Kuna nyumba ambamo hupokewa kwa vigelegele na soda, na kuna nyumba ambamo mtoto hulala bila chakula huku alama za fimbo zikimwasha mgongoni. Wazazi wengi huamini kwamba hilo ni jambo la elimu na nidhamu tu. Katika makala ya leo tutaona kwamba ni jambo la afya pia, na kwamba yale anayotenda mzazi mara tu baada ya kuisoma ripoti yaweza kuufichua ugonjwa au kuuficha.

Tuchukue mfano kutoka Osiri, eneo la machimbo ya dhahabu huko Nyatike, kaunti ya Migori. Mfano huu si wa mtoto mmoja tunayemjua, bali wafanana na wa wengi. Mvulana wa miaka minane, aliye Gredi ya 3, ameleta ripoti ya muhula. Muhula uliotangulia mwalimu alimwandikia "kufikisha matarajio" katika masomo mengi. Safari hii kusoma na hisabati zote ni "mbali na matarajio". Chini kabisa mwalimu ameandika: "Hana makini. Husinzia darasani."

Baba yake ametoka machimboni amechoka. Anaisoma mara mbili, kisha anauliza, "Nashuka shimoni kila siku ili wewe uende kusinzia?" Mtoto anasema, "Baba, mimi..." kisha ananyamaza. Baba ananyanyuka kutafuta fimbo. Mama, aliyekuwa akichochea moto, anamwambia, "Baba watoto, ngoja kwanza. Hebu tumuulize anaumwa na nini."

Je, kama ungekuwa wewe, ungemsikiliza mama huyo, au ungemwambia kwamba ndiye anayemharibu mtoto?

SIKU YA RIPOTI NI SIKU YA HATARI

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA Pediatrics, lilichapisha utafiti uliofanywa katika jimbo la Florida. Watafiti walioongozwa na Melissa Bright wa Chuo Kikuu cha Florida walilinganisha siku ambazo ripoti za shule zilitolewa katika mwaka wa masomo wa 2015-2016 na siku ambazo watoto wa miaka 5 hadi 11 walithibitishwa kuumizwa kwa kipigo. Waligundua kwamba ripoti zilipotolewa siku ya Ijumaa, visa vya kuumizwa watoto siku ya pili yake, yaani Jumamosi, vilikuwa karibu mara nne ya Jumamosi nyingine. Ripoti zilipotolewa kati ya Jumatatu na Alhamisi, ongezeko hilo halikuonekana.

Mtu aweza kusema kwamba Florida ni mbali na kwamba wazazi wa huko si sisi. Lakini fikiria jambo moja. Mtoto aliyechapwa Jumanne usiku ataonekana na mwalimu wake Jumatano asubuhi. Mtoto aliyechapwa Ijumaa hataonekana hadi Jumatatu, na huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya tofauti ile. Hapa kwetu ripoti ya muhula hutolewa siku ya kufunga shule. Baada ya hapo kuna likizo ya majuma kadhaa ambamo hakuna mwalimu atakayeona jicho lililovimba wala mkono usionyooka. Kwa hiyo mtoto wetu yuko peke yake kwa muda mrefu zaidi kuliko yule wa Florida.

FIMBO HUFANYA NINI MWILINI?

Wapo watakaojibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikusema kwamba kila kilio ni cha fimbo. Mtoto hulia anapochomwa sindano ya chanjo, hulia anapokatazwa kwenda ziwani, hulia anapoamriwa kuzima runinga na kufungua kitabu. Mzazi asiyechelea kilio hicho ndiye anayelea.

Mtoto anapotishwa, mwili wake humwaga homoni za hofu, mojawapo ikiwa ni kotisoli. Moyo hupiga mbio, misuli hukazana, na ubongo hujitayarisha kukimbia au kujificha. Hali hiyo yafaa mtu anapokutana na nyoka. Haifai kwa kujifunza, kwa sababu ubongo uliojaa hofu hauna nafasi ya kufikiri na kukumbuka. Mtoto anayechapwa kwa sababu ya hisabati huishia kuogopa hisabati, kisha kumwogopa mwalimu wa hisabati, na mwishowe huogopa hata daftari lenyewe.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya matokeo ya uchunguzi wa miaka 50 uliohusu watoto zaidi ya 160,000. Waliona kwamba kuchapwa, hata kwa kofi la kawaida tu, kuliandamana na ukaidi zaidi, matatizo zaidi ya akili, na uhusiano mbaya zaidi na wazazi. Hawakuona kwamba kulimfanya mtoto kuwa bora.

Lakini madhara makubwa kuliko yote ni haya: mtoto akichapwa, hunyamaza. Yule mvulana wa Osiri alikuwa ameanza kusema, "Baba, mimi..." Neno alilotaka kusema ndilo daktari angelihitaji.

MAGONJWA YANAYOJIFICHA NDANI YA RIPOTI

Kina mama wanaijua vyema kadi ya kliniki. Mtoto mchanga akipungua uzito, muuguzi hamchapi wala hamwiti mvivu. Huuliza: anakula nini, amehara, ana homa? Ripoti ya shule yafaa kusomwa vivyo hivyo. Alama zilizoshuka ni kama uzito ulioshuka: hazisemi ni kwa nini, bali zasema kwamba kuna jambo. Yafuatayo ni baadhi ya mambo ya kuangalia.

Macho. Mtoto asiyeona vizuri hajui kwamba haoni, kwani hudhani kila mtu huona hivyo. Huandika makosa anaponakili kutoka ubaoni, husogeza kitabu karibu na pua, hukunja uso au huumwa na kichwa jioni. Katika utafiti uliofanywa katika shule 50 za Trans Nzoia na kuchapishwa mwaka 2018, walimu walipima macho ya wanafunzi. Katika kundi moja walimu walitumia simu za mkononi, na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha pamoja na picha iliyoonyesha jinsi mtoto wao anavyoona kwa ukungu. Watoto 54 kati ya kila 100 waliopatikana na kasoro katika kundi hilo walipelekwa hospitali. Katika kundi lililofuata utaratibu wa kawaida walikuwa 22 tu. Wazazi hao walihitaji tu kuoneshwa kile ambacho mtoto hakuweza kueleza.

Masikio. Mtoto anayetokwa na usaha masikioni mara kwa mara aweza kupoteza sehemu ya usikivu. Mwalimu huandika "hafuati maagizo", kumbe hakuyasikia. Simama nyuma ya mtoto hatua mbili na unong'one jina lake au umwombe alete kitu. Asipogeuka baada ya kujaribu mara kadhaa, mpeleke akapimwe.

Malaria na upungufu wa damu. Kaunti zinazolizunguka Ziwa Victoria, zikiwemo Migori na Homa Bay, ndizo zenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya. Kwa sababu hiyo kaunti hizo mbili zilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kupewa chanjo ya malaria ya watoto, iliyozinduliwa mjini Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 2019. Mtoto anayeugua mara kwa mara hupungukiwa na damu, na damu isipotosha, ubongo haupati hewa ya kutosha. Matokeo yake ni kusinzia, kuchoka na kutofuatilia somo. Isitoshe, watafiti wa Kilifi wamegundua kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali hubaki na matatizo ya lugha na kumbukumbu. Mtoto wa aina hiyo si mzembe. Anahitaji kufundishwa polepole zaidi.

Minyoo na kichocho. Watoto wanaooga na kuteka maji ziwani hupata kichocho kutokana na viini vinavyotolewa na konokono wa majini. Tumbo huuma, damu huonekana katika choo, nguvu hupungua. Katika utafiti uliofanywa na Edward Miguel na Michael Kremer huko Busia katika shule 75 kuanzia mwaka 1998, dawa ya minyoo ilipunguza utoro kwa takriban robo. Alama za mitihani hazikupanda kwa kiasi cha kuonekana, na jambo hilo lafaa kukumbukwa: dawa humrudisha mtoto darasani, lakini kazi ya kufunza hubaki palepale.

Selimundu. Ugonjwa huu wa kurithi upo kwa wingi katika eneo la ziwa. Mtoto huumwa mifupa na viungo, macho huwa manjano, na hukosa shule siku nyingi. Baba na mama wakiwa wote wana kiini cha ugonjwa bila wao wenyewe kuugua, kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Angalia sehemu ya mahudhurio katika ripoti kabla hujaangalia alama.

Zebaki. Hili lawahusu hasa watu wa Osiri na machimbo mengine. Zebaki huchanganywa na unga wa mawe ili inase chembe za dhahabu, kisha donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hugeuka mvuke usioonekana na usionuka, na dhahabu hubaki. Mvuke huo ukivutwa hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto, ambao bado unakua, hudhurika kwa urahisi zaidi. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu na kushindwa kutulia. Ukizitazama dalili hizo utaona kwamba ndizo zilezile ambazo mwalimu huziandika kama "utundu". Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa sumu ya zebaki, wazitaka nchi zipunguze matumizi yake machimboni na kuwalinda watoto. Mzazi hahitaji kungoja serikali. Usichome donge jikoni wala karibu na watoto, usihifadhi zebaki nyumbani, na usivae nguo za machimboni unapompakata mtoto. Ukienda hospitali, mweleze daktari waziwazi kwamba nyumbani hushughulikiwa zebaki.

Zaidi ya magonjwa hayo, kuna njaa, usingizi haba, kuonewa na wenzake, na huzuni ya kufiwa. Wapo pia watoto wenye akili timamu ambao herufi huwachanganya kwa sababu ya hali iitwayo disleksia. Hao waweza kupelekwa katika vituo vya kutathmini watoto vya EARC, ambavyo vimekuwepo nchini tangu mwaka 1984.

RIPOTI NZURI NAYO INA MTEGO WAKE

Mzazi aliyepokea ripoti nzuri asidhani makala hii haimhusu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wa Marekani. Baada ya watoto kufanya zoezi rahisi, baadhi yao waliambiwa wamefaulu kwa kuwa wana akili, na wengine wakaambiwa wamefaulu kwa kuwa wamejitahidi. Kisha wote walipewa zoezi gumu wakashindwa. Wale waliosifiwa akili walikata tamaa upesi, na walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata, zaidi ya theluthi moja walidanganya. Waliosifiwa juhudi waliendelea kujaribu, na waliodanganya walikuwa wachache.

Kwa hiyo ukimwambia mwanao kila mara, "Wewe ni jiniasi," unampa cheo anachoogopa kukipoteza. Mwambie badala yake, "Nimeona ulivyokuwa ukirudia zile hesabu kila jioni." Na usimlinganishe na dada yake mbele ya watu, kwani mmoja utamvunja moyo na mwingine utamtia kiburi.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, usiisome ripoti ukiwa umechoka, una hasira au umelewa. Iweke kando, ule, upumzike. Haitabadilika hadi asubuhi.

Pili, elewa ilichoandika. Wengi wetu tulisoma katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na ambao mtihani wake wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Swali letu la kwanza huwa, "Umekuwa nambari ngapi?" Mtaala wa umilisi hauulizi hivyo. "Kukaribia matarajio" maana yake ni kwamba kuna jambo fulani ambalo mtoto bado hajaliweza. Muulize mwalimu ni jambo gani.

Tatu, linganisha ripoti hii na zilizopita. Mtoto aliyekuwa akienda polepole tangu mwanzo ana tatizo la aina moja. Aliyeshuka ghafla ana tatizo jingine, na huyo ndiye wa kupelekwa kwa daktari kwanza.

Nne, keti naye, usimsimamie kichwani. Anza na alichofanya vizuri, hata kama ni michezo tu. Kisha muulize: "Ni somo gani lilikupa shida? Unaona ubaoni ukiwa umeketi wapi? Kuna mtu anayekusumbua?" Uliza swali moja, kisha ungoje jibu.

Tano, kubalianeni jambo moja dogo la muhula ujao, kwa mfano kusoma kwa sauti dakika 15 kila jioni. Mambo kumi huchosha, na muhula ukianza hakuna anayeyakumbuka.

Sita, mtoto akikosea kweli, kwa mfano ametoroka shule au ameficha ripoti, mwadhibu bila kumpiga. Mnyime runinga, mpe kazi ya ziada, mtake akamwombe mwalimu msamaha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 29, yampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya kiboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaikataza shuleni. Mtoto anayeumizwa, au jirani anayejua, aweza kupiga simu nambari 116 bila malipo.

NENO KWA WANAOISHI MJINI

Wasomaji wetu wengi wanaishi Nairobi, Kisumu au Mombasa lakini wanalipa karo ya wadogo zao au watoto wa ndugu zao mashambani. Siku hizi ripoti hufika kwa simu, imepigwa picha, na mjomba au shangazi hujibu papo hapo: "Mwambieni nikija atanijua." Maneno hayo humfikia mtoto, na mara nyingi huongezwa chumvi njiani. Wewe uliye mbali ndiwe unayesikilizwa kwa sababu ya pesa zako. Basi tumia sauti hiyo kuuliza, "Amepimwa damu? Amepimwa macho?" Nauli ya kwenda zahanati huenda ikamfaa mtoto kuliko karo ya masomo ya ziada.

Tumrudie yule mvulana wetu. Tuseme baba alikubali kungoja. Mama alitazama mahudhurio akaona siku kumi na mbili zilizokosekana, nyingi zikiwa ni zile alizolala na homa akapewa dawa ya dukani. Jumatatu alimpeleka zahanati. Kidole kikatobolewa, wakakuta malaria na damu iliyopungua. Akapewa dawa, na mama akashauriwa kumpa mboga za kienyeji, omena na maharagwe, na kuhakikisha analala ndani ya neti kila usiku. Alama zake hazitapanda kwa siku moja. Lakini muhula utakapofunguliwa atakuwa macho darasani.

Na kama baba hangengoja? Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huko Osiri ulimwengu uko hatua chache tu kutoka mlangoni. Machimboni hakuna anayeuliza ripoti. Mtoto akibeba mawe au akiosha mchanga hupewa shilingi kadhaa, na hakuna anayemwita mjinga. Mtoto aliyeaibishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi huona kwamba huko ndiko anakothaminiwa, na akishazoea pesa, kumrudisha darasani ni kazi kubwa. Mjini hakuna mashimo ya dhahabu, lakini kuna vituo vya matatu, majaa ya taka na makundi ya mitaani, na huko nako hakuna anayeuliza ripoti.

Muhula ukifungwa, basi, soma ripoti ya mwanao kama unavyosoma kadi ya kliniki. Muulize kwanza, umpime pili. Ukishafanya hayo mawili, utaona kwamba mara nyingi haja ya fimbo imekwisha.